Tangu Kamba ya Speke hata Kamera: Sinema za Watu Waliovuka Jinsia

Mwezi wa Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akifuatana na mwenzake James Augustus Grant, aliingia katika nchi ya Karagwe akapokewa kwa heshima na Mfalme Rumanyika. Nchi hiyo leo imegawanyika katika wilaya za mkoa wa Kagera, yaani Karagwe, yenye makao yake Kayanga, na Kyerwa, iliyotengwa nayo mwaka 2012. Speke alikuwa akitafuta chimbuko la mto Naili, lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 hakusimulia habari za mito na maziwa peke yake. Alisimulia pia habari za wanawake wa nyumba ya kifalme, walionyweshwa maziwa kwa wingi hata wakanenepa kupita kiasi, maana unene ulihesabiwa kuwa uzuri na alama ya utajiri wa ng'ombe. Shemeji mmoja wa mfalme hakuweza kuinuka ila kwa kutambaa. Speke akatamani kumpima. Ili apate ruhusa alimwonyesha mama yule sehemu ya miguu na mikono yake mwenyewe ikiwa wazi. Kisha akamzungushia kamba ya vipimo na kuandika: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7.

Vipimo hivyo vimesomwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 160. Pale vilipoandikwa, jina la mama yule halikuandikwa, wala hakuna neno lake lolote juu ya mgeni aliyemzungushia kamba mwilini. Lakini liko jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: mama yule hakupimwa bure. Mgeni alilazimika kwanza kuufunua mwili wake mwenyewe. Kwa muda mfupi palikuwa na mapatano kati ya mtazamaji na mtazamwa. Kisha mtazamaji akaondoka na daftari lake, mapatano yakasahauliwa, vikabaki vipimo.

Historia ya sinema za mambo halisi juu ya watu waliovuka jinsia katika Afrika ya Mashariki haikuanza na Speke, walakini swali lake kubwa liliulizwa pale: nani atazamaye, nani atazamwaye, kwa ruhusa gani, na mwenye kutazamwa hubaki na nini baada ya mgeni kwenda zake. Watu waliovuka jinsia, katika insha hii, ni wale ambao walipozaliwa waliandikwa kuwa wa kiume nao hujijua na kuishi kama wanawake, au walioandikwa kuwa wa kike nao hujijua na kuishi kama wanaume. Sinema zilizo karibu zaidi na Karagwe na Kyerwa ni zile zilizotengenezwa Uganda, ng'ambo ya mto. Nao mto Kagera si mpana katika mambo ya watu. Penye Murongo, wilayani Kyerwa, pana daraja; upande wa pili ni Kikagati, katika wilaya ya Isingiro ya Uganda. Kinyambo cha Karagwe na Kinyankore cha ng'ambo ni lugha ndugu, hata mtu wa Kaisho akisalimiana na mtu wa Kikagati hapana haja ya mkalimani. Habari zinazosemwa upande mmoja husikika upande mwingine, na chuki kadhalika.

Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina la watu hawa. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya pande zote mbili, na hilo ni jambo jingine. Hanithi, neno lililotoka katika Kiarabu, kwa Waswahili ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. Kwa Waarabu wa Omani neno hilo hilo ni mwanamume aliyeshika mwenendo wa kike na kupewa mahali pake pa pekee kati ya wanawake na wanaume, kama alivyoeleza mtaalamu wa Norwei Unni Wikan mwaka 1977 baada ya utafiti wake katika mji wa Sohar. Bahari moja, neno moja, na maana mbili. Shoga lilikuwa, na kwa wanawake wengi wa pwani bado ni, jina la upendo ambalo mwanamke humwita rafiki yake mwanamke. Kisha likageuzwa kuwa tusi la kumtupia mwanamume. Katika maneno haya yote hapana hata moja ambalo mtu aliyevuka jinsia alijichagulia mwenyewe. Huko Uganda ni tofauti kidogo: watu waliokataliwa kwa ajili ya mapenzi yao au jinsia yao walijitungia jina, wakajiita kuchu, na jina hilo likaja kuwa anwani ya sinema.

Wenye kusema Kiingereza hubishana sana juu ya viwakilishi, kwa kuwa lugha yao haiwezi kumtaja mtu asiyekuwapo pasipo kusema kwanza kama ni mume au ni mke. Kiswahili hakina taabu hiyo, wala Kinyambo, wala Kiganda. “Amekuja” ni amekuja. Msikilizaji hajui kama aliyekuja amevaa suruali au kitenge, wala hakuulizwa. Mtu mwenye haraka angeweza kusema kwamba lugha zetu, basi, hazina ubaguzi. Lakini mlango ukifungwa mbele, nyumba huwa na mlango wa nyuma. Kiswahili huuliza jinsia ya mtu katika kuoa na kuolewa, kama Kinyankore kinavyouliza katika okushwera na okushwerwa. Huiuliza katika shangazi na mjomba, katika bwana na bibi, na katika salamu: ni nani apigaye magoti mbele ya wazee, na ni nani asimamaye. Anayetaka kuifasiri katika Kiswahili sinema ya mapenzi ya mwanamke aliyevuka jinsia hatapata shida na neno “yeye” hata mara moja. Shida yake itakuja siku ya kuposa.

Historia ya sinema yenyewe katika nchi hizi ilianza kwa sauti ya mwalimu. Kati ya miaka ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Gari lilizunguka Tanganyika na nchi jirani likionyesha picha juu ya magonjwa, kilimo, kodi na akiba ya Posta. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, yakachezwa picha ikipita. Basi watu waliopigwa picha walikuwa Waafrika, lakini sauti iliyosema juu yao haikuwa yao. Ilikuwa sauti ya kuonya, kusifu na kuelekeza. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha idara maalumu ya sinema za makoloni, na desturi ikawa ile ile. Mwenye kutazamwa alikuwa mfano. Kama alikuwa mfano mwema alipewa shamba zuri mwishoni, na kama alikuwa mfano mbaya alipata safura.

Uhuru haukuiondoa sauti hiyo mara moja. Tanzania ilipitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inayotaka picha zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Watu wenyewe, hata hivyo, walijitafutia njia nyingine. Katika vibanda vya video, ambavyo mzaha wa mitaani umeviita vibanda umiza, alizuka msimuliaji anayekaa kando ya televisheni na kuifasiri picha ya kigeni kwa maneno yake, akiongeza mzaha na mawaidha apendavyo. Kampala wasimulizi hao wana sifa kubwa, na Dar es Salaam alijulikana sana Lufufu. Ni sanaa ya kupendeza. Lakini mtu anaweza kujiuliza nini kingempata mtu aliyevuka jinsia akiangukia mikononi mwa msimuliaji hodari mbele ya vijana arobaini waliolipa kiingilio ili wacheke.

Ndiyo maana sinema ya mambo halisi ambayo ndani yake mwenye kutazamwa husema kwa kinywa chake, pasipo msimuliaji, ni kitu kipya kuliko kinavyoonekana. Na upya wake hauelezeki bila kujua kwanza habari za magazeti na mahakama za Uganda.

Mwezi wa Julai 2005 kiongozi wa serikali ya mtaa mjini Kampala aliingia nyumbani kwa Victor Mukasa, mwanamume aliyevuka jinsia na mtetezi wa haki, pasipo hati ya mahakama, akachukua karatasi zake. Mukasa hakuwapo. Alikuwapo mgeni wake, Yvonne Oyo, akapelekwa kituoni, na huko akavuliwa nguo ili wahakikishe kama ni mwanamke. Msomaji aliyekumbuka kamba ya Speke ataona kwamba mambo yamezidi kuwa mabaya: safari hii mpimaji hakuomba ruhusa, wala hakuonyesha hata kidole chake. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 22 Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko aliamua kwamba haki zao za utu na za faragha ya nyumba zilivunjwa. Hukumu ile haikusema neno la kusifu wala kulaumu maisha ya washitaki. Ilisema kwamba Katiba ya Uganda inamlinda kila mtu, na kila mtu ni kila mtu.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Oktoba 2010, gazeti la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilo na uhusiano wowote na lile la Marekani, lilitoa picha, majina na mahali wanapokaa watu lililowaita mashoga wakuu wa nchi, na juu yake maneno ya kutaka wanyongwe. Watatu walikwenda mahakamani: David Kato, Kasha Jacqueline, na Pepe Julian Onziema, ambaye ni mwanamume aliyevuka jinsia na katika majalada ya kesi aliandikwa kwa jina lake la kuzaliwa. Tarehe 3 Januari 2011 Jaji V. F. Musoke-Kibuuka aliwapa haki, akaamuru kila mmoja alipwe shilingi za Uganda 1,500,000. Tarehe 26 ya mwezi huo huo David Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Polisi walisema sababu haikuwa kazi yake ya kutetea haki. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka huo. Rafiki zake hawakukubali kwamba picha zile za gazetini hazikuwa na sehemu yoyote katika mauti yake.

Wakati mambo hayo yakitukia, wanawake wawili, Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall, walikuwa Kampala na kamera. Sinema yao, Call Me Kuchu, ilionyeshwa Berlin mwezi wa Februari 2012, ikapata tuzo ya Teddy ya sinema bora ya mambo halisi. Wahusika wake wakuu si watu waliovuka jinsia, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba si mahali pake hapa. Lakini katika Uganda ya miaka ile adui hakuwatenganisha, nao wenyewe hawakujitenganisha. Katika sinema hiyo mhariri wa gazeti anajieleza mwenyewe mbele ya kamera, tena kwa furaha. Hakuna sauti ya juu inayomlaumu. Anaachwa aseme, na usemi wake unamtosha. Halafu yapo mazishi. Mhubiri anasimama mbele ya jeneza na kuwashutumu waombolezaji. Watu wa kijiji wanakataa kuzika. Rafiki wa marehemu wanalichukua jeneza wenyewe. Askofu Christopher Senyonjo, mzee aliyetengwa na kanisa lake kwa sababu ya kuwahudumia watu hawa, anakuja kuwafariji. Mtu wa Karagwe anayejua msiba ni nini, na kwamba hata mwizi huzikwa na majirani zake, hahitaji kufasiriwa picha hiyo.

Sinema iliyomhusu mtu aliyevuka jinsia waziwazi, na ambayo inastahili kukaliwa zaidi, ilikuja mwaka 2016. Ni The Pearl of Africa, yaani Lulu ya Afrika, sifa ambayo nchi ya Uganda imeibeba tangu zama za ukoloni. Aliyeitengeneza ni Mswidi, Jonny von Wallström, naye kwanza aliitoa kwa vipande vifupi katika intaneti, kisha ikawa sinema nzima iliyoonyeshwa katika tamasha la Hot Docs mjini Toronto. Mhusika wake ni Cleopatra Kambugu, mwanamke wa Uganda aliyevuka jinsia, pamoja na mwenzi wake wa kiume. Katika majira yale ya mwaka 2013 na 2014, Bunge la Uganda lilipopitisha sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja na Rais Yoweri Museveni kuitia sahihi tarehe 24 Februari 2014, gazeti la udaku lilimweka Kambugu hadharani. Ikawa hawezi kukaa. Yeye na mwenzi wake wakahamia Kenya. Sheria yenyewe ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti 2014, kwa sababu wabunge waliokuwapo siku ya kuipitisha hawakufikia idadi inayotakiwa. Lakini karatasi ikifutwa, jirani aliyekwisha kukufukuza hafutiki nayo.

Sifa kubwa ya sinema hiyo ni kwamba haikuanza na sheria wala na maandamano. Imeanza na watu wawili wapendanao. Wanataniana, wananung'unikiana, wanahesabu fedha za safari ya hospitali huko Thailand, wanaogopa. Jambo la upasuaji, ambalo magazeti hulirukia kwanza kwa pupa, limo, lakini limewekwa katika kadiri yake: ni safari ya ugonjwa na matumaini kama safari nyingine za hospitali, na mwenye kuuguza amekaa kando ya kitanda. Yule aliyetaka kupima mwili hapati kipimo. Anapata sauti ya mwanamke anayejieleza kwa ufasaha na ucheshi, ambaye mara kwa mara anamjua mtazamaji wake kuliko mtazamaji anavyomjua yeye.

Hata hivyo sinema hiyo haiwezi kusifiwa pasipo kulaumiwa kidogo. Mwenye kamera ni mgeni tena, kama wa mwaka 1861. Amekuja kwa ruhusa na kwa mapatano ya muda mrefu, hilo ni kweli, na mhusika amekuwa mshirika katika kazi. Lakini watazamaji wa kwanza walikuwa Toronto, si Mbarara wala Kayanga. Na sinema inapotengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali, mara nyingi humwonyesha jirani kama ukuta tu, kelele tu za chuki. Jirani huyo ana historia yake. Mkoa wa Kagera ulionja mambo haya kwa namna nyingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu wakaupa ugonjwa jina la Juliana, kutokana na nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na kwa miaka mingi mtu aliyetoka Bukoba au Karagwe aliweza kutazamwa kwa jicho baya mjini kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa. Familia zilizonyimwa mkono wa salamu wakati huo zinajua, bila kuonyeshwa sinema yoyote, jinsi mwili wa mtu unavyogeuzwa kuwa habari ya gazeti. Mtengeneza sinema ambaye angeanza na kumbukumbu hiyo angekuta mlango uko wazi zaidi kuliko adhaniavyo.

Katika nchi za mbali historia ya sinema hizi ni ndefu zaidi, lakini machungu yake yanafanana. Yatosha kutaja moja tu. Southern Comfort ya Kate Davis, ya mwaka 2001, ilimfuata Robert Eads, mwanamume aliyevuka jinsia katika jimbo la Georgia, Marekani, katika mwaka wa mwisho wa maisha yake. Alikuwa na saratani ya ovari. Madaktari zaidi ya 20 walikataa kumtibu, wengine kwa hofu kwamba sura yake ingewaaibisha mbele ya wagonjwa wengine. Akafa Januari 1999. Mtu hawezi kuitazama sinema hiyo na kuendelea kuamini kwamba ubaguzi huu ni wa Afrika peke yake, kama baadhi ya wageni wapendavyo kusema. Wala kwamba watu hawa ni uzushi wa wazungu, kama baadhi ya wenyeji wapendavyo kusema.

Kenya ilionyesha njia mbili kwa wakati mmoja. Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa hukumu ya Jaji Weldon Korir ya Oktoba 2014, iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyevuka jinsia, cheti kipya chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Mwezi huo huo serikali ilizuia sinema ya Stories of Our Lives isionyeshwe, na Septemba 2021 ikazuia I Am Samuel ya Peter Murimi, sinema ya mambo halisi juu ya kijana apendaye mwanamume mwenzake na juu ya baba yake wa kijijini. Katika karatasi za mahakama Mkenya aliweza kusikilizwa. Katika ukumbi wa sinema hakuweza. Pengine wenye mamlaka walijua vizuri zaidi kuliko wahakiki ni lipi kati ya mawili hayo lenye nguvu ya kubadili mioyo.

Tanzania imekuwa na sinema chache za namna hii na woga mwingi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, huadhibu matendo; hakisemi neno juu ya mavazi ya mtu wala juu ya jina analojiita. Lakini katika maisha ya kila siku tofauti hiyo hupotea, na mtu hushikwa kwa mwendo wake na sauti yake. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliwataka wananchi wamletee majina ya mashoga. Mwanzoni mwa Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi, si msimamo wa serikali. Tangazo la wizara lilikuwa refu na la heshima. Lakini watu waliokuwa wamekwisha kujificha hawakutoka kwa kulisoma.

Hapo ndipo ugumu mkuu wa sinema hizi unapoonekana, na hapana uhakiki unaoweza kuuondoa kwa maneno mazuri. Kuonekana ndiko kulikomuua mtu, kwa maoni ya rafiki zake. Na kutokuonekana ndiko kunakowafanya wengine waaminiwe kuwa ni uvumi, au ni laana, au ni bidhaa ya kigeni. Picha ya gazeti na picha ya sinema huchukuliwa kwa chombo cha namna moja, na uso ni ule ule. Tofauti iko katika mapatano: ni nani aliyeulizwa, ni nani aliyeweza kukataa, na ni nani aliyebaki nyumbani siku sinema ilipoonyeshwa. Kambugu alikuwa amekwisha kuondoka Uganda. Kwa masikini wa kijijini, asiye na nauli ya Nairobi, ruhusa hiyo ina bei nyingine kabisa, na mtengeneza sinema mwaminifu atamwambia bei kabla ya kuwasha kamera.

Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba Cleopatra Kambugu alipewa na serikali ya Uganda kitambulisho kinachomtaja kuwa mwanamke. Mwezi wa Mei 2023 Rais Museveni na Rais Samia Suluhu Hassan walikizindua kituo cha umeme cha Kikagati-Murongo, kilichojengwa katika mto Kagera, ambacho umeme wake hugawanywa kati ya nchi hizo mbili. Mwezi huo huo Rais Museveni alitia sahihi sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Muswada wa kwanza, uliopitishwa Machi mwaka huo, ulitaka hata kumwadhibu mtu kwa kujitambulisha tu. Maneno hayo yaliondolewa baada ya Rais kuurudisha bungeni. Lakini adhabu ya kifungo hadi miaka 20 ilibaki kwa mwenye kutangaza au kusambaza habari za kuhimiza mambo hayo, na neno kuhimiza ni pana kama ziwa. Mahakama ya Katiba, katika hukumu yake ya tarehe 3 Aprili 2024, ilifuta vifungu vichache, kikiwamo kile kilichomlazimisha kila mtu kutoa taarifa juu ya jirani yake, ikaacha sehemu kubwa ya sheria isimame, na adhabu hiyo ya kuhimiza imo katika zilizosimama.

Kwa hiyo darajani Murongo mtu huvuka na kahawa, maharage, ndizi na mbuzi, na umeme huvuka pande zote mbili. Lulu ya Afrika haina ukumbi Murongo wala Kikagati. Anayetaka kuitazama huko ataitazama katika simu, usiku, peke yake, na sauti akiwa ameipunguza.